Tovuti ya nyumba ya wageni Jambiani: tupange nini kabla hatujamlipa fundi?

vyumba7_jambiani

Asalaam alaykum wakuu. Tuna nyumba ya wageni Jambiani, vyumba saba, pamoja na safari za ngalawa na mafunzo ya kupika. Wageni wengi wanatupata kupitia Booking.com na Airbnb, waliobaki wanakuja kwa kuambiana. Tunataka tovuti yetu wenyewe ili mgeni anayerudi, au aliyesikia jina letu, atuandikie moja kwa moja.

Fundi mmoja wa mjini ametupa bei ya shilingi 1,400,000. Ndani yake kuna kurasa kumi, domeini (jina la tovuti) na hostingi (mahali tovuti inapohifadhiwa) "bure" mwaka wa kwanza, kalenda ya bukingi, malipo ya kadi na lugha nne. Anataka nusu kabla ya kuanza na anasema wiki tatu kazi imekwisha. Mkataba hakuna, tumekubaliana kwa WhatsApp tu. Sisi tuandae nini, na tumbane wapi ili tusije tukajuta? Naomba majibu ya kina kwa anayeijua kazi hii.

Fundi_Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam. Usitoe hata shilingi mpaka hilo neno "bure" lifafanuliwe. Domeini hulipiwa kila mwaka, na mwenye akaunti kwa msajili (kampuni inayouza majina hayo) ndiye anayelidhibiti jina. Fundi akiisajili kwenye akaunti yake, basi hata risiti zote ukiwa nazo wewe, siku mkikosana yeye ndiye mwenye ufunguo. Tovuti iliyoharibika hujengwa upya kwa wiki mbili. Jina ambalo limeshachapishwa kwenye kadi, kwenye kibao cha barabarani na kwenye simu za wageni halijengwi upya.

Kwa hiyo anza na jina, na ulisajili mwenyewe. Fungua kwanza barua pepe ya biashara ambayo mwenye nyumba ndiye anayeishika, si ya kijana wa mapokezi atakayeondoka msimu ujao, na uiwekee uthibitisho wa hatua mbili. Kwa barua pepe hiyo fungua akaunti kwa msajili. Majina ya .co.tz huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Wengi wao wanapokea malipo ya simu kwa shilingi. Kwa biashara ya wageni wa nje mimi ningechukua .com na .co.tz zote mbili, moja iwe ya kazi na nyengine ielekezwe kwake. Jina lenyewe lijaribu kwa sauti: mtajie mtu kwa simu mara moja tu, aliandike. Akikuuliza "kuna kistari hapo?" au "ni herufi moja au mbili?", tafuta jina jengine.

Hapa pana kosa linalowaumiza wengi. Akaunti ya msajili isitumie anwani ya domeini hiyo hiyo, mfano info@ ya tovuti yako. Domeini ikipitwa na tarehe, tovuti na barua pepe hukatika pamoja, na maonyo ya msajili yanatumwa kwenye kikasha kilichokwisha kufa. Kwa .com, msajili anaweza kukupa muhula wa hadi siku 45, lakini si lazima aufikishe. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa jina kwa faini kubwa, kisha siku 5 za kusubiri lifutwe, halafu mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mpigo na uwashe ulipaji wa kujirudia.

Hostingi pia iwe kwa jina lako, fundi umpe ruhusa ya kuingia tu. Kuhusu malipo, nusu kwa ahadi ni nyingi. Gawa hivi: asilimia 30 mkishaandikiana, 40 ukiiona tovuti nzima kwenye anwani ya majaribio ikiwa na picha na maneno yako mwenyewe (si maneno ya kujazia nafasi), 30 baada ya ukaguzi wa mwisho. Mkataba ukurasa mmoja unatosha, mradi uorodheshe kurasa kwa majina, useme marekebisho ni awamu ngapi (mbili ni kawaida), nani analeta picha, nani anatafsiri, nani atasasisha WordPress (programu inayoendesha tovuti) na plagini (viongezo vyake) baada ya kukabidhi na kwa bei gani. Andika pia kwamba templeti na plagini zote za kulipia ziwe na leseni halali. Zile za wizi zinazosambazwa bure mara nyingi hubeba msimbo wa kuelekeza wageni wako kwenye kurasa za kamari, na Google ikigundua, atakayetafuta jina lenu ataonyeshwa onyo badala ya vyumba.

mpicha_wa_Shangani

Ndugu yangu amesema kweli kuhusu jina. Lakini wiki tatu hizo hazitatimia kama hamna maandishi na picha, na hilo ni jukumu lenu. Fundi hajui ngazi za chumba cha juu ni ngapi.

Kurasa kumi hamzihitaji. Mwanzo, vyumba, safari na mapishi, namna ya kufika, bei na masharti, mawasiliano: sita zimetosha. Tieni nguvu mahali ambapo mgeni anaulizauliza kila siku. Fungueni WhatsApp yenu, someni maswali ya wageni 30 wa mwisho, kila swali linalojirudia lipate jibu kwenye tovuti. Chumba kiandikwe kama mtu anayekikagua kwa macho: "Kitanda futi 6 kwa 6 chenye chandarua. Kiyoyozi na feni. Choo na bafu ndani, maji ya moto. Ghorofa ya juu, ngazi 14, hakuna lifti. Dirisha linaangalia bahari. Jenereta huwashwa umeme ukikatika, lakini haiendeshi kiyoyozi." Sentensi hiyo ya mwisho msione haya kuiandika. Mgeni aliyeambiwa mapema hakasiriki. Aliyegundua saa nane za usiku ndiye anayeandika maoni mabaya.

Ukurasa wa namna ya kufika uwe na njia zote: teksi kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, boti kutoka Dar es Salaam halafu gari kutoka Malindi, na daladala 309 kwa anayebana matumizi. Muandike pia wapi pa kushuka, kwa alama inayoonekana barabarani, kwa sababu pini ya ramani huwapeleka watu upande wa pwani kwenye vichochoro visivyopita gari.

Halafu maji. Jambiani bahari ikikupwa inakwenda mbali, vinaonekana vigingi vya mwani na watu wanatembea kwa miguu. Mgeni aliyeona picha za maji yaliyojaa tu atahisi amedanganywa. Wekeni picha mbili, maji yamejaa na maji yamekupwa, na maelezo mafupi chini yake. Kwa picha ya nyumba, jua la asubuhi ndilo linalopiga upande wa bahari. Alasiri uso huo uko kivulini. Lakini siku za bamvua (maji makubwa) maji hujaa alfajiri na tena alasiri, ikifika saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Mkitaka bahari iliyojaa na jua zuri katika picha moja, subirini siku za maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana), hapo maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Picha za simu zisipakiwe zilivyo. Moja ina MB 4 hivi. Vyumba saba kwa picha tano ni 35, jumla MB 140, na mgeni aliye kwenye bando hatasubiri. Zipunguzwe mpaka upana wa pikseli 1600, zihifadhiwe kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), kila moja isizidi KB 200. Zikiwa KB 150, zile 35 zote ni kama MB 5. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, mfano picha ya juu, kionekane ndani ya sekunde 2.5, hilo liwekeni kwenye mkataba, lipimwe kwa PageSpeed Insights (tovuti ya Google ya kupima kasi) upande wa simu. Picha za asili mzitunze nyinyi, na mpiga picha awape ruhusa ya maandishi kuzitumia.

Lugha nne, hapana. Kiingereza kwanza, kiandikwe vizuri. Kitaliano baadaye kama wageni wake mnao wengi, kwa mtafsiri binadamu. Kila lugha ni bei na masharti ya kusasisha mara nyengine tena.

vyumba7_jambiani

Ahsanteni sana, nimeanza kuyaandika maswali ya wageni. Bado kalenda na malipo ya kadi yananitia wasiwasi. Fundi anasema kalenda "itajiunga yenyewe" na Booking.com. Na je, fomu ya mawasiliano ina haja gani kama tuna WhatsApp?

Wete_mtandaoni

"Itajiunga yenyewe" bila shaka anakusudia iCal. Hiyo ni faili ya kalenda ambayo kila upande unaisoma kwa zamu. Haisomwi papo hapo, inaweza kupita saa kadhaa kabla ya upande mmoja kujua kuwa chumba kimechukuliwa kwengine. Katika mwanya huo watu wawili wanalipia chumba kimoja, na mwezi wa Agosti huna pa kumpeleka wa pili. Tena iCal inabeba tarehe tu, haibebi bei. Kwa hiyo chaguo ni mawili. Ama mlipie huduma ya kuunganisha kalenda, ile iliyounganishwa rasmi na Booking.com na Airbnb, ambayo hubadilisha vyumba na bei kote kwa wakati mmoja na inakuja na kitufe cha bukingi cha kuweka kwenye tovuti. Ama tovuti isiuze chumba moja kwa moja: mgeni atume ombi lenye tarehe, idadi ya watu na chumba, mwangalie kalenda, kisha mumtumie linki ya kulipa arbuni. Kwa vyumba saba mimi ningeanza na hili la pili. Ni rahisi, na halina cha kuharibika usiku wa manane.

Malipo ya kadi yapitie kampuni yenye leseni. Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania, basi fundi akikutajia hiyo muulize akaunti itakuwa ya nani. Zinazofanya kazi hapa ni kama Pesapal, Selcom na DPO. Jiandaeni na cheti cha usajili wa biashara, namba ya mlipa kodi na akaunti ya benki yenye jina lile lile la biashara. Jina likitofautiana hata neno moja, maombi yanaweza kurudishwa. Ulizeni makato ya kila muamala na fedha inaingia benki baada ya siku ngapi. Na jambo moja lisifanyike kabisa: fomu yenu isiombe namba ya kadi wala zile tarakimu tatu za nyuma ziwafikie kwa barua pepe. Mgeni alipie kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo.

Fomu ina haja, kwa sababu mgeni aliye kazini kwake Ulaya mbele ya kompyuta anapenda kuandika, na ombi linabaki na kumbukumbu. Lakini fomu ndiyo inayoharibika kimya kimya kuliko kitu chochote. Kosa lenyewe ni hili: fundi anaiacha fomu itume barua kwa anwani ya mgeni kama mtumaji. Mgeni ana Gmail, seva yenu inatuma ikijitia Gmail, na seva inayopokea ikiangalia rekodi ya SPF ya gmail.com (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo) haioni seva yenu humo. Barua inaangukia spamu au inapotea kabisa, huku mgeni ameshaandikiwa "Ahsante, tutakujibu". Sahihi ni mtumaji awe anwani ya domeini yenu, anwani ya mgeni iwekwe sehemu ya kujibu, tovuti itume kwa SMTP (njia ya kutuma barua pepe) yenye nywila, na rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua ni yenu kweli, ziwepo kwenye DNS (orodha ya mipangilio ya domeini). Tena kila ujumbe uhifadhiwe pia ndani ya tovuti, ili barua ikipotea ombi lisipotee.

Linki ya WhatsApp nayo huandikwa kimakosa. Ni wa.me/ kisha 255 na namba bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Ile sifuri ikibaki, simu ya mgeni itasema namba haipo.

Fundi_Mwanakwerekwe

Naongeza siku ya makabidhiano, kwa kuwa hapo ndipo watu hulipa haraka haraka. Kaa na fundi, usitumie kompyuta yake. Chukua simu ya Android ya kawaida, zima waifai, washa data. Fungua tovuti kwa www na bila www, zote mbili ziende kwenye https moja. Tuma fomu kutoka Gmail na kutoka anwani nyengine, uone zinaingia kikashani. Bonyeza kila linki. Kwenye WordPress nenda mipangilio ya usomaji, uhakikishe ile tiki ya kuzuia injini za utafutaji imeondolewa. Huwekwa wakati wa ujenzi, ikisahaulika Google haiiweki tovuti kwenye matokeo na mtalaumu kila kitu isipokuwa tiki hiyo. Search Console (huduma ya Google inayoonyesha jinsi tovuti inavyopatikana kwenye utafutaji) na wasifu wenu wa Google Maps viwe kwenye barua pepe ya biashara.

Kisha bakapu (nakala ya akiba). Mwambie airudishe tovuti kutoka bakapu mbele yako, kwenye anwani ya majaribio. Faili la bakapu ambalo halijawahi kurudishwa hujui kama lina kitu. Nakala moja ikae nje ya hostingi. Vyeti vya usalama (vya https) vya Let's Encrypt vinadumu muda mfupi tu, muulize vinajihuisha vipi. Na mkihama hostingi mwakani, msibadilishe seva za majina (zinazoelekeza domeini ilipo) kabla ya kunakili rekodi za MX (zinazoonyesha barua pepe ziende wapi), maana tovuti itafunguka vizuri na barua pepe zitakatika bila mtu kujua.

Mwisho chukua akaunti ya msimamizi mkuu, badilisha nywila zote, fundi abaki na akaunti yake mwenyewe unayoweza kuifuta. Hapo ndipo ile asilimia 30 itoke.

vyumba7_jambiani

Allah awalipe kheri. Nimeangalia sasa hivi, jina letu lipo wazi kwa .com na .co.tz zote mbili. Nafungua ile barua pepe kwanza, kisha nasajili leo leo. Fundi nimemwambia asubiri, nitamtumia orodha ya kurasa sita Jumamosi.