Re: Kukarabati nyumba mdogo mdogo bila kukopa

Habari zenu. Tumenunua nyumba ya zamani na hela iliyobaki ya ukarabati ni kidogo. Fundi aliyekuja kuiangalia anasema tuhame, tukope, tuvunje kila kitu kwa mpigo. Kuna aliyefanya taratibu huku akiishi humo humo? Tuanzie wapi?

---

Dada, hongereni. Inawezekana kabisa, mradi mfuate mpangilio. Huyo fundi naye anatafuta riziki yake, msimlaumu, ila msikope kwa ajili ya ratiba yake.

Anzeni na maji. Sisemi bafu zuri, nasema paa, mifereji ya mvua, mabomba yanayovuja na kuta zenye unyevu. Ukipaka rangi ukuta uliolowa, doa litarudi tu. Kama kuna baka hamjui linatoka wapi, ukausheni ukuta juu juu, kisha bandikeni kipande cha nailoni ngumu kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasipite hewa. Kiacheni siku 1 au 2. Mkikuta matone upande wa nyuma, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani: tafuteni bomba, ufa au paa. Matone yakiwa upande wa chumbani, huo ni mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Hapo kinachotakiwa ni madirisha na feni ya kutoa hewa, si lipu mpya. Kipimo hiki si cha kitaalamu, lakini kinaweza kuwaepusha kumlipa mtu avunje ukuta usio na kosa.

Umeme unafuata, na huo ni wa fundi mwenye leseni. Ufanyike kabla ya lipu na rangi. Hela ikiwa haitoshi, pitisheni mabomba matupu ya nyaya ukutani sasa, soketi zije baadaye. Sakafu mwisho.

Kazi za mikono fanyeni wenyewe, maana ufundi huku ni ghali: kubandua karatasi za ukutani, msasa, rangi. Ila msikwangue dari wala vigae vya zamani vya plastiki kabla ya kupimwa kama vina asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa zamani kwenye vifaa vya ujenzi. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kukaa humo miaka mingi.

Malizeni chumba kimoja mpaka kifuniko cha swichi, ndipo mhamie kingine. Vyumba vyote vikiwa nusu nusu, hata ndoa inachoka. Na choo kama ni kimoja, kisiguswe mpaka kila kifaa kiwe kimeshafika nyumbani. Vigae ongezeni kama 10% na mhakikishe maboksi yote yana namba ile ile ya toleo la kiwandani, la sivyo rangi zitapishana. Fundi mlipeni kwa hatua, kazi ikionekana.

---

Naunga mkono, ila mimi nisingeharakisha hata hivyo. Paa likiwa halivuji na umeme ni salama, kaeni kwanza majira yote yapite. Mtajua chumba kipi kina baridi, jua linaingia wapi, na ule ukuta mliotaka kuubomoa pengine mtaupenda. Wageni wakisema jiko limepitwa na wakati, wakaribisheni chai.

Jambo moja lisingoje: koki kuu ya maji. Itafuteni leo, muijaribu kuifunga taratibu. Kwenye nyumba za zamani mara nyingi imeganda, na ikikataa msiilazimishe, iteni fundi bomba.