Mjadala: Serikali ilipie malezi ya watoto wadogo? Atafaidika mama au binti?

Mwanzisha mada, Lubumbashi

Wandugu, jamaa mmoja wa Kamalondo anashikilia kwamba serikali ikilipia malezi ya watoto wasiofika umri wa shule, wanawake watatoka kwenda kazini na usawa utakuja wenyewe. Mfano wake ni Quebec, Kanada: mwaka 1997 walianza kulea watoto kwa dola 5 kwa siku, na akina mama wengi wakaingia kwenye ajira. Ni kweli. Ila huku kwetu Kongo mama yuko kazini tayari. Pita soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, alfajiri uone nani anapanga makaa, unga na samaki wakavu.

Mtoto anabaki na nani? Na dada yake wa miaka tisa au kumi. Anamfunga mgongoni kwa kitenge, anakoroga uji, anafua nepi. Mama akichelewa kurudi, shule ndiyo imepita. Kaka yao amekwenda, hakuna aliyemuuliza. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini binti huyu bure hiyo haimsaidii. Kwa hiyo mkiniambia serikali haina pesa ya malezi, nawajibu kwamba malezi yanalipiwa kila siku, kwa masomo ya huyu mtoto.

Nauunga mkono mpango, ila si kwa imani kwamba fedha zenyewe zinaleta usawa. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba hapa Katanga enzi za ukoloni, iligharimia sana watoto wa makambi ya wafanyakazi wake: walipimwa uzito, walilishwa, na mama zao walifundishwa kushona. Kampuni ilitaka wachimbaji wa kesho na mke wa kukaa nyumbani, basi. Wakapata walichotaka.

Baba wa Katuba

Ndugu yangu, Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inaahidi elimu ya msingi bure, chekechea haimo. Na hiyo ya msingi yenyewe tumeona: madarasa yamefurika, walimu wanagoma kwa ajili ya mishahara. Unataka kutwika punda aliyekwisha lala chini? Halafu mtoto wa miaka miwili alelewe na damu yake. Bibi yupo.

Mama wa Ruashi

Baba, heshima yako. Bibi ndiye mimi, na ninauza makaa. Mgongo wangu hauwezi tena.

Kinshasa sitaisubiri. Kila asubuhi mtoza kodi anapita na vikaratasi vyake, kila mwenye meza analipa. Sehemu ya pesa hiyo itengwe, soko lipate chumba kimoja chenye maji, choo na kivuli. Lakini walezi walipwe mshahara wa kweli. Msituletee wasichana wa kijijini wanaofanya kazi kwa sahani ya bukari (ugali), halafu mseme mmewainua wanawake.

Mwanzisha mada

Mama, hapo kwenye mshahara umenigusa, na chumba cha sokoni nakikubali. Baba wa Katuba naye aseme kama wanaume wangekubali kupeleka na kuchukua watoto, maana sijaona kwa nini iwe kazi ya mama tu. Sharti langu ni saa: kifunguliwe kabla ya kengele ya shule. Kikifunguliwa saa mbili, binti atakuwa amekosa somo la kwanza, na mwalimu hatamruhusu kuingia.