Kwadi ya mtumba: fowili haishiki, taa yake haiwaki

mpemba_wa_konde
Asalam aleikum jamani, naomba msaada wa mafundi. Nina kwadi ya Yamaha, pikipiki ya tairi nne, Grizzly 660 nimeinunua Unguja, ilikuwa ikitembeza wageni pwani, nimeivusha kwa meli nije niitumie huku shamba kubebea karafuu mbichi maana vilima vyetu mnavijua, mvua ikinyesha udongo unateleza hata ng'ombe anakataa. Mashine inawaka vizuri, nyuma inavuta vizuri, ila nikibonyeza fowili ili tairi zote nne zivute taa haiwaki na mbele hakuna kitu, nyuma inachimba mpaka inazama. Fundi wa hapa keshasema difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa tairi ya kushoto na ya kulia) imekwisha tutafute nyengine, na bei yake si mchezo. Kabla sijatoa pesa, kweli ni difu?

fundi_mwanakwerekwe
Waalaykum salaam. Usinunue difu mwanzo, sheikh. Kwenye hiyo Grizzly shafti ya mbele inazunguka muda wote, kinachounganisha ni kimota kidogo cha umeme kilichofungwa kwenye difu yenyewe. Washa swichi, injini izime, bonyeza fowili usikilize kama kinalia.
Kisha piga jeki mbele tairi zote mbili ziwe juu, weka gia, mtafute mwenzako mshike kila mtu tairi yake mzungushe PAMOJA kwenda mbele. Kwenye 2WD, yaani nyuma tu ndo inavuta, zitakwenda bure. Tia fowili, tingisha kidogo, zungusheni tena, zikigoma imeshika, zikienda bure haijaingia. Msizungushe moja moja, ukizungusha moja nyengine inarudi nyuma utadhani mbovu kumbe ndo kazi ya difu.

pwani_paje
Ikitoka pwani mie naanza na chumvi. Huku bahari ikikupwa watu wanazipitisha majini, jioni zinamwagiwa maji juu juu tu, chini hakuguswi. Fuata waya wa kimota mpaka kwenye plagi inayounganisha waya, ifungue utazame pini. Na fyuzi ya fowili ina nafasi yake kwenye boksi, itazame, usiweke kubwa kuliko iliyoandikwa. (Mwenye Polaris asitumie kipimo cha jeki hicho, yake inashika pale tairi za nyuma zinapoteleza tu.)

kijana_wete
Njia fupi chomoa plagi ya kimota, leta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri ya kwadi, kikizunguka kizima

fundi_mwanakwerekwe
Hapana jamani, volti 12 usipeleke kwenye hicho kimota! Kinakwenda kwa nguvu mno, kinaharibu meno yake, halafu ndo utanunua kweli. Kitabu cha ufundi cha Yamaha chenyewe kinataka betri mbili za tochi, 1.5 na 1.5, jumla volti 3. Geuza waya kirudi upande wa pili.

mpemba_wa_konde
Ahsanteni sana. Nimefanya yote. Tairi zinakwenda bure 2WD na fowili. Fyuzi nzima. Plagi nilipoifungua pini moja imeota kijani, kuivuta tu ikakatikia ndani. Kimota kwa betri za tochi kinakwenda pande zote mbili, taratibu lakini kinakwenda. Ila nimefungua nati ya chini ya difu oili imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hapo si ndo imekufa?

fundi_mwanakwerekwe
Maji yameingia, kufa ni jengine. Isugue hiyo oili vidoleni, ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza meno yameliwa, ikiwa laini tu una bahati. Mwaga yote, tia oili ya gia SAE 80 GL-4, tembea kidogo, mwaga tena, mpaka itoke safi. Halafu utafute maji yameingilia wapi, tazama mpira wa pumzi wa difu usiwe umechomoka au umeziba, na oili sili za eksili pande zote mbili, la sivyo masika ijayo yatarudi yale yale.
Ile plagi usisokote waya ukafunga selotepu, huko kwenu na unyevu ule haimalizi msimu. Weka pini mpya, lehemu, paka grisi ya umeme.
Ukishafunga, simama kabisa ndo ubonyeze, kisha sogea taratibu huku ukikata usukani kushoto na kulia, maana taa inaweza isiwake mpaka mashine ianze kutembea. Na ukitoka shamba ukapanda lami rudisha 2WD.

pwani_paje
Na ukiona kimota bado kizito baada ya plagi mpya, kifungue. Mara nyingi chumvi imeingia ndani, kinasafishwa kinapakwa grisi kinarudi kazini.