Kupiga picha Gujarat msimu wa kaskazi: Ahmedabad au Kutch?

Mpigapicha_Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni mpiga picha wa Lamu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, milango ya nakshi na vyombo vya baharini vinavyoundwa kijiji cha Matondoni. Desemba ijayo, inshallah, nitakwenda Gujarat, jimbo la magharibi ya India, kwa majuma machache. Mji wetu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu wa kila taifa wameupiga picha, lakini nyingi ya picha hizo zinauonyesha kana kwamba uliota peke yake juu ya mchanga. Ninataka kuionyesha ng'ambo ya pili, yaani bandari ambako vyombo vilipakia vitambaa na shanga vikashuka kwetu na upepo wa kaskazi, kisha vikarejea na upepo wa kusi vikiwa na pembe za ndovu.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, kwa muda nilio nao, niupe uzito mji wa Ahmedabad na sehemu za karibu yake, au nielekee moja kwa moja Kutch, kwenye jangwa la chumvi na bandari ya Mandvi? Pili, nimezoea jua la Lamu na kuta zetu za chokaa. Je, mwanga wa kule utanitaka nibadilishe nini? Nina lenzi pana ya milimita 24 na nyingine ya milimita 85, na sipendi kubeba zaidi ya hizo.

Msomi_wa_Malindi

Waalaikumu salaam dada. Nilisoma Ahmedabad, na ushauri wangu ni kwamba uanzie huko bila ya haraka. Mji huo ulianzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 sehemu yake kongwe ilikuwa ya kwanza nchini India kuorodheshwa na UNESCO kuwa mji wa urithi wa dunia. Uhai wake umo katika mitaa inayoitwa pol: vichochoro vyenye lango la kuingilia, nyumba za mbao na matofali zilizosongamana, nguzo za msaji zilizochongwa kuanzia chini hadi darini, na kwenye uwanja mdogo wa katikati, chabutro, ambayo ni mnara wa kulishia ndege. Mtu aliyekulia Mkomani atajiona yuko nyumbani. Ingia alfajiri, kabla pikipiki hazijaziba njia, na ukiona baraza imekaliwa, toa salamu kwanza kabla ya kuinua kamera.

Kitu ambacho singekubali ukikose ni Msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, usultani wa Gujarat ulipokuwa ukimalizikia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Wamughal. Sidi Saiyyed mwenyewe alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi, na jambo hilo peke yake linatosha kumleta hapo mpiga picha wa pwani yetu. Madirisha yake ni mawe yaliyotobolewa kwa nakshi, wanayoyaita jali. Dirisha lililo mashuhuri lina mti ambao matawi yake yanasokotana na kupishana mpaka yanalijaza tao lote, na kati ya jani na jani fundi ameacha vitundu vya kupitisha mwanga. Ukuta huo uko upande wa kibla, ambao kwa India ni magharibi, kwa hiyo alasiri jua huwa nyuma ya dirisha. Ukiwa ndani, pima mwanga wa mbingu inayoonekana vitunduni na uliache jiwe liwe jeusi, nawe utaona kila jani linajitenga na jingine. Ukitaka kina cha mchongo wenyewe, toka nje kwenye saa kumi, wakati jua la Desemba linalipiga jiwe kwa ubavu kutoka kusini-magharibi. Tumia lenzi ya milimita 85 ukiwa umesimama mbali, kwa sababu dirisha liko juu na lenzi pana italionyesha kama linalala nyuma. Muombe mwangalizi ruhusa, na nyakati za swala weka kamera mkobani.

Mzee_wa_Shela

Mwanangu, ninakubaliana na ndugu wa Malindi kuhusu msikiti, lakini kwa hicho unachokitafuta, Mandvi haina badala. Mji huo ulianzishwa mwaka 1580 na Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa Kutch, na hadi leo vyombo vya mbao vinaundwa kando ya mto Rukmavati, waziwazi, ambapo mpita njia yeyote anaweza kusimama akatazama. Siku hizi vinatiwa injini, na ni vikubwa mno kuliko majahazi yetu: mataruma, yaani mbavu za chombo, husimama juu kuliko paa za nyumba.

Chombo kizima utakipiga, kama kila mgeni anavyokipiga, lakini usiishie hapo. Sogea mahali ubao unapokutana na taruma, mahali pamba ya kalafati inaposukumwa katika mwanya, na kichwa cha msumari kilivyozama katika mbao. Haya umekwisha kuyapiga Matondoni. Ukizipanga picha za fundi wa Mandvi na fundi wa Matondoni pamoja, kwa ukubwa mmoja na kwa mwanga unaofanana, mtazamaji ataielewa habari yako bila ya maneno mengi.

Mandvi iko kiasi cha kilomita 60 kutoka Bhuj, mji mkuu wa Kutch, kwa hiyo fanya Bhuj kuwa makao yako. Ukiwa hapo, ingia Aina Mahal, jumba la vioo la karne ya 18 lililosimamiwa na Ramsingh Malam, baharia wa Kutch aliyejifunza ufundi wa vioo na vigae Uholanzi. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliujeruhi vibaya mji wa Bhuj pamoja na jumba hilo, na picha ya kweli ya Bhuj haina budi kuionyesha mipasuko pamoja na vioo.

Jua_la_Mchana

Nitajibu swali la mwanga, kwani hapo ndipo utakapoiona tofauti kubwa. Lamu iko karibu na ikweta. Jua letu hupanda wima, na ule mwanga laini wa asubuhi hutoweka upesi. Tropiki ya Kansa, mstari ambao jua haliupiti kwenda kaskazini, inapita Kutch, kaskazini kidogo ya Bhuj. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri huko halipiti nyuzi 44 hivi juu ya upeo, ilhali Lamu wakati huo huo linakaribia nyuzi 70. Maana yake ni kwamba vivuli vitakuwa virefu hata mchana, na saa ambazo Lamu ungejipumzisha barazani, kule utaweza kuendelea na kazi.

Kwa sababu hiyo ninatofautiana kidogo na wenzangu: usiikose Patan, kiasi cha kilomita 125 kaskazini ya Ahmedabad. Huko kuna Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11, kilichojengwa na Malkia Udayamati kwa kumbukumbu ya mumewe, Mfalme Bhima wa Kwanza. Kina ghorofa saba zinazoshuka ardhini na sanamu kubwa zaidi ya 500 kutani, na mafuriko ya mto Saraswati yalikifukia kwa karne nyingi, ndiyo maana michongo yake imebaki mikali. Ngazi zinaanzia mashariki na kisima chenyewe kiko magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi huingia moja kwa moja kwenye ushoroba. Mchana wa Desemba jua huwa kusini, likauangaza ukuta wa kaskazini na kuuacha wa kusini kivulini. Piga ukuta mmoja mmoja. Usijaribu kuziweka pande zote mbili katika picha moja, kwani kamera haitaweza kubeba mwanga na giza la mahali hapo kwa pamoja. Kiguu cha kamera kinahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale ya India, basi zoea kuegemea nguzo.

Kuhusu jangwa la chumvi la Rann, maji hulifunika wakati wa mvua, na kufikia Desemba huanza kukauka na kuacha chumvi nyeupe. Kamera itadanganywa na weupe huo na kuigeuza chumvi kuwa ya kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu. Usibadilishe lenzi penye upepo. Kwa maoni yangu siku moja inatosha hapo, maana Rann ni pazuri kiasi kwamba picha za watu wote hufanana.

Mpigapicha_Langoni

Ahsanteni sana. Nimeamua: Ahmedabad na Patan kwanza, kisha Bhuj na Mandvi kwa muda mrefu zaidi, na Rann kwa siku moja. Je, ninaweza kuja na droni? Na ni wapi nitakapowapata mafundi wa vitambaa?

Msomi_wa_Malindi

Droni iache Lamu. Tangu Februari 2022 India imepiga marufuku kuingiza droni kutoka nje, isipokuwa kwa utafiti, ulinzi na usalama, na Rann inapakana na Pakistani, ambako askari wa mpakani hawana mzaha. Hata kwenda Dhordo, kijiji cha ukingoni mwa Rann, kwa miguu na kamera ya kawaida kunahitaji kibali, kwa hiyo tembea na pasipoti pamoja na nakala zake.

Kwa vitambaa, nenda Ajrakhpur, si mbali na Bhuj. Mafundi wa ajrakh, vitambaa vinavyopigwa chapa za mbao, walihamia huko baada ya tetemeko la 2001, maji ya kijiji chao cha Dhamadka yalipobadilika na kutofaa kwa rangi. Vipande vya vitambaa vya Gujarat vya kupigwa chapa vimechimbuliwa hata katika mji mkongwe wa Fustat, Misri, kwa hiyo hiyo ndiyo biashara uliyoitaja katika swali lako. Chapa za mbao wanazotumia zimechongwa kwa patasi, na mtu aliyezoea milango ya Lamu atajua apige wapi. Fika mapema, wakati vitambaa vinatandazwa juani, omba ruhusa ya mwenye karakana, na uchukue anwani yake ili picha zimfikie baadaye.