Alstromeria kwenye kitanda cha mita 8: nichague zipi, na rangi nizipange vipi?

bustani_tigoni

Hamjambo wapenzi wa maua. Nina kitanda kando ya njia ya kuingilia nyumbani, huku Tigoni, Limuru. Urefu wake ni mita 8, upana mita 1.8, na nyuma kuna ukuta wa mawe. Jua linakipiga tangu asubuhi mpaka kama saa nane mchana, halafu kivuli cha mgrivilea kinaingia. Udongo ni huu mwekundu wa nchi ya chai, na maji hayatuami ila wakati wa masika.

Nataka kukijaza alstromeria (yale maua ya Amerika Kusini yanayofanana na yungiyungi) za rangi nyingi, pamoja na mimea mingine michache ya kuziunga. Naomba mnisaidie kwa haya: nichukue aina zipi na ngapi? Rangi zipi zinakaa pamoja bila kugombana? Tena, kuna wakulima wa maua ya kukata upande wa Kinangop wanaouza mashina ya ardhini ya kupanda kwa bei nafuu, yanafaa bustanini? Na jirani anataka kunipa bure ile yenye maua membamba mekundu, ncha za kijani. Niipokee?

kingo_za_maua

Ndugu, naanza na maswali yako mawili ya mwisho, maana ndiyo yanayoweza kukuharibia kitanda kizima.

Ile ya jirani, kwa maelezo yako, ni Alstroemeria psittacina, asili yake Brazili. Ua lake ni zuri na linavumilia kivuli kuliko wenzake, lakini lina vizizi vinene vinavyokatika ukigusa tu, na kila kipande chenye jicho kinachipua. Australia na New Zealand limetoroka bustanini na sasa linahesabiwa kama gugu. Ukiliweka katikati ya zile nyingine utalichomoa miaka kumi na bado litakuwepo. Lipokee kama una chungu cha kuliwekea, na chungu kikae juu ya sakafu ya saruji, si juu ya udongo.

Aina za maua ya kukata ni tatizo la namna nyingine. Zilizalishwa kwa ajili ya banda la plastiki: shina hupita mita 1.2, nyingine hukaribia mita 2, na hushikiliwa na nyavu zilizotandazwa ngazi kwa ngazi. Ukizipanda wazi bila nyavu, mvua kubwa ya kwanza inazilaza na hazisimami tena vizuri. Pia nyingi zina haki za mzalishaji. Kenya iliingia UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda haki hizo, mwaka 1999, kwa hiyo kuzidisha aina hizo na kuziuza bila leseni ni kosa. Anayekuuzia muulize jina la aina na kimo chake. Akishindwa kukutajia vyote viwili, usinunue.

Kwa kitanda chako tafuta zilizozalishwa kwa bustani. Mbele weka fupi za makundi ya 'Inticancha' au 'Princess', za kimo cha sentimita 30 hadi 45. Hazihitaji kuegemezwa, na hukua kama kifungu kilichoshikana badala ya kutambaa. Katikati 'Indian Summer' haina mpinzani kwangu: majani yake yana rangi ya shaba iliyokolea na maua ni ya machungwa yenye manjano, sentimita 75 hadi 90. Hata siku isiyo na ua hata moja, majani yake yanakipa kitanda rangi. Nyuma weka 'Apollo', nyeupe yenye koo (sehemu ya ndani ya ua) la manjano, na 'Friendship', manjano laini iliyopakwa waridi kidogo, zote za kama mita 1.

Ukitaka kuagiza mashina kutoka Uholanzi au Uingereza, chukua kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka kule, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea. Ukifika bila karatasi hizo unazuiwa mpakani.

rangi_na_kimo

Nakubaliana na kingo_za_maua kwamba kimo kitangulie. Mimi nitasema juu ya rangi.

Shika ua moja la alstromeria ulitazame ndani. Lina petali sita, tatu za nje na tatu za ndani. Zile mbili za juu, za ndani, karibu kila mara zina doa la manjano na michirizi myembamba ya kahawia au ya zambarau nyeusi. Doa hilo ndilo daraja lako. Nyekundu na nyeupe ambazo kwa mbali zingeonekana kugombana zinapatana kwa sababu zote mbili zina koo la manjano. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha aina mbili, linganisha makoo yao, si petali za nje peke yake. Zipo waridi zenye koo jeupe baridi, na hizo zikikaa karibu na machungwa ya 'Indian Summer' zinaonekana kama zimechafuka.

Mita 8 zinakutosha kwa familia mbili za rangi, si zaidi. Upande wa lango weka za moto: machungwa, nyekundu, manjano iliyokolea. Upande wa nyumba weka za upole: nyeupe, manjano laini, waridi, zambarau mpauko. Mahali zinapokutana, panda 'Apollo' tatu na 'Friendship' tatu. 'Friendship' ina manjano ya upande mmoja na waridi ya upande wa pili, ndiyo maana inafaa pale. Makosa ninayoyaona sana ni kupanda moja moja: nyekundu, nyeupe, machungwa, nyekundu, nyeupe. Kwa mbali inakuwa vumbi la rangi. Panda tatu tatu za aina moja, kwa pembetatu, ndipo jicho lipate mahali pa kutua.

Alstromeria hazina buluu, na bila buluu upande wa moto unachosha. Agapanthasi wa buluu ndiye jibu rahisi huku juu, kwani anapenda baridi ileile, na majani yake mapana ya upanga yanatofautiana na mashina yaliyosimama. Kwa nyuma unaweza kuweka Salvia leucantha wa zambarau, ila mkate kwa nguvu mara moja kwa mwaka, la sivyo atawafunika wenzake. Na msidharau cha kwetu: Kniphofia thomsonii hukua yenyewe kwenye milima ya Kenya, na miali yake ya machungwa ikisimama nyuma ya majani ya shaba ya 'Indian Summer' hapana cha kuongeza.

Hesabu yake sasa. Nyuma, aina ndefu 9 katika mafungu matatu, sentimita 60 kati ya mmea na mmea, na agapanthasi au salvia kati ya mafungu. Katikati, 9 tena kwa nafasi ya sentimita 50. Mbele, fupi 12 kwa nafasi ya 35 hadi 40. Jumla 30. Mwaka wa kwanza kitanda kitaonekana kitupu. Usiongeze alstromeria, jaza mapengo kwa alisamu au kosmosi, ambazo utazing'oa baadaye.

udongo_baridi

Wenzangu wamesema vizuri. Mimi nakuja na udongo, kwa sababu hapo ndipo watu wa nyanda za juu wana bahati ambayo hawaitumii.

Alstromeria haitoi ua kwa kufuata joto la hewa tu. Inasikiliza joto la udongo pale lilipo shina la ardhini, lile jeupe linalotambaa kama tangawizi. Udongo ukiwa kati ya nyuzi 5 na 15 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, machipukizi hugeuka kuwa ya maua, na yataendelea hivyo mpaka udongo upite nyuzi 18 hadi 21. Ukizidi hapo unapata mashina marefu ya majani matupu, hata ukiweka mbolea ya dunia nzima. Ndiyo sababu Mombasa au Dar es Salaam ni kupoteza pesa, lakini Limuru, Kinangop, Njombe na Lushoto inawezekana.

Sasa ulinde ubaridi huo. Tandaza majani makavu au maganda ya kahawa unene wa sentimita 5 hadi 7 juu ya kitanda chote, ila uache nafasi ya kiganja kuzunguka machipukizi yasioze. Mimea ya mbele yenye kufunika ardhi inasaidia kazi hiyohiyo. Ukuta wako wa mawe unafyonza jua na kurudisha joto, kwa hiyo safu ya nyuma iwe angalau sentimita 40 kutoka ukutani.

Kuhusu kupanda: inua kitanda sentimita 15 hadi 20 juu ya njia, kwa ajili ya Aprili na Mei. Chimbua kina cha sentimita 40, changanya debe moja la mboji au samadi iliyooza kabisa kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Shina la ardhini lilale sentimita 8 hadi 10 chini, na mizizi minene ya akiba itandazwe bila kukunjwa. Waingereza huzamisha hadi 15 au 20 kwa sababu ya barafu. Sisi hatuna haja hiyo. Ishike kwa uangalifu. Mizizi ile ikivunjika, mmea unakaa miezi bila kusogea.

Pima tindikali ya udongo. Kipimo kizuri ni pH 5.5 hadi 6.5. Udongo wa chai mara nyingi uko chini ya hapo, na chokaa kidogo inatosha. Lakini wacheni desturi ya kumwaga majivu ya jikoni kila wiki: pH inapanda, mmea unashindwa kufyonza chuma, na majani mapya yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mbolea iwe NPK 17:17:17, gramu 30 kwa mita ya mraba kila wiki sita hadi nane, ukiinyunyiza kisha kumwagilia papo hapo. CAN, mbolea ya naitrojeni, peke yake inaleta mashina mororo yanayoanguka.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo linaloamua kama utapata maua mwaka mzima: ua likiisha usilikate, lichomoe. Shika shina karibu na ardhi, lizungushe kidogo, kisha vuta kwa ghafla kuelekea juu. Litatoka na kitako cheupe, na pale lilipong'oka shina la ardhini linaamshwa kutoa chipukizi jipya. Ukikata kwa mkasi, kisiki kinakaa pale na chipukizi linachelewa. Mwaka wa kwanza tu ndio ukate, maana mizizi haijashika na utang'oa mmea mzima. Chomoa pia mashina membamba yasiyo na kichwa, ila yasizidi theluthi moja kwa mara moja. Vaa glavu: utomvu wake unawasha ngozi, na kuna watu ambao mkono hupasuka kabisa.

bustani_tigoni

Asanteni sana, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Nipande mwezi gani? Na huku tuna koa wengi na fuko. Wanazigusa?

kingo_za_maua

Panda katikati ya Oktoba, vuli inapoanza. Mvua yake si nzito kama ya masika, na mizizi inapata nafasi ya kushika kabla ya Januari. Maua ya kwanza utayaona baada ya miezi mitatu au minne. Januari na Februari mwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki, hasa upande wa mgrivilea, kwa kuwa mizizi yake inanyonya maji yote.

Koa wanazigusa, tena wanakula chipukizi likiwa bado na urefu wa kidole. Utaona ncha iliyotafunwa na ute unaong'aa. Zunguka na tochi saa mbili usiku, uwaokote. Matandazo yakiwa manene kupita kiasi ndiyo nyumba yao, kwa hiyo usivuke sentimita 7. Fuko anafuata mizizi minene chini kwa chini, na dalili yake ni mmea kunyauka ghafla huku udongo una unyevu. Kama vichuguu vyake viko karibu, laza wavu wa chuma wa matundu madogo sentimita 40 chini kabla ya kurudisha udongo, kisha uupandishe pembeni mpaka usawa wa ardhi. Baada ya kupanda, kazi hiyo haiwezekani tena.

udongo_baridi

Niongeze moja kwa kuwa utakuwa unagawa mimea baada ya miaka miwili au mitatu: usigawe mmea wenye majani yenye mistari mipauko au petali zenye mabaka yasiyo ya kawaida yake. Hivyo ni virusi, vinaenezwa na vidukari na kisu chako, na havina dawa. Ng'oa mmea wote na uuchome. Ile mizima, kata mashina yabaki sentimita 15, chimba kuzunguka kwa kina cha sentimita 30, na kila kipande kiwe na ncha inayokua, machipukizi matatu au zaidi, na mizizi ya akiba. Osha kisu kwa jiki iliyochanganywa na maji kila unapohama mmea mmoja kwenda mwingine.