Mnatuuzia "kompyuta ya studio" isiyoweza kurekodi hata mstari mmoja!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Miezi minne nimekesha nikihangaika na mashine niliyouziwa kwa jina la "kompyuta ya studio", kumbe aliyeniuzia hajawahi kuchomeka maikrofoni hata siku moja.

Nilimweleza wazi kabisa: nataka kurekodi vokali na gitaa nyumbani, nipige kinanda cha MIDI (kile kinachoipelekea kompyuta noti, sauti inatoka kwenye programu), nimiksi mwenyewe. Akanipigia hesabu ya kadi kubwa ya grafiki. Ya nini? Eti studio inataka nguvu. Jamani, kadi ya grafiki kazi yake ni picha! Programu za muziki karibu zote mzigo wa sauti zinaubebesha prosesa. Hela iliyomezwa na kadi ile na zile taa za rangi ingenipatia intafesi ya sauti (kile kisanduku cha kuchomekea maikrofoni na gitaa kwenye kompyuta), maikrofoni na hedifoni za maana. Intafesi yenyewe hakuitaja kabisa. "Sauti imo humo humo ndani," aliniambia.

Siku ya kwanza ya kurekodi alikuja mdogo wangu. Ameimba kwaya tangu utotoni, hapotezi mapigo hata kidogo. Nikamvalisha hedifoni, nikafungulia biti. Mstari wa kwanza hajaumaliza, akasimama. Akarudia, akasimama tena. Mara ya tatu akavua upande mmoja wa hedifoni, akanitazama: "Kaka, kuna mtu ananifuatisha humu ndani." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, inamfikia kwa kuchelewa.

Bafa, yaani kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukipitisha, nilikuwa nimeiweka sampuli 1,024 (sampuli ni vile vipande vidogo kabisa vya sauti), maana nikiishusha tu sauti inakwaruza kama redio inayotafutwa stesheni. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, bafa hiyo ni milisekunde 23 sauti ikiingia na 23 nyingine ikitoka. Jumla 46, na hapo sijahesabu ucheleweshaji mwingine wa vifaa. Kwa mwendo wa sauti hewani, ni sawa na kujisikiliza kupitia spika iliyo mita 16 kutoka uliposimama. Nani ataimba akae kwenye biti namna hiyo? Bafa ya 128 haifiki hata milisekunde 3 kila upande, na hapo mwimbaji anasahau kabisa kwamba kuna kompyuta katikati.

Nikarudi kwa muuzaji. Jibu lake: ongeza RAM. Nikaongeza, kutoka GB 16 hadi 32. Mikwaruzo iko palepale! RAM inasaidia unapopakia maktaba kubwa za ala, lakini haiwezi kuifanya sauti ifike kwa wakati. Nikarudi tena, akageuza maneno, sasa eti kore, zile sehemu za prosesa zinazogawana kazi, ni chache. Hajui kwamba plagini, zile programu ndogo za kurembesha sauti, ukizipanga moja baada ya nyingine kwenye traki moja, kwa kawaida zote zinaangukia kore moja, hivyo kasi ya kila kore ni muhimu kuliko wingi wake. Mtu wa namna hii ndiye anayetushauri.

Intafesi nimekuja kuinunua kwa kuungaunga. Ilikuwa na draiva yake (programu ya kuunganisha kifaa na kompyuta) ya ASIO, ule mfumo wa Steinberg unaoipitisha sauti njia fupi badala ya kuizungusha ndani ya Windows. Kuchelewa kukapungua kweli. Mikwaruzo ikabaki. Mdogo wangu yuko kwenye kiitikio, amefungua sauti yote, ile noti ya mwisho ndefu anaishika vizuri ajabu, mara: tak! Katikati kabisa ya noti. Hakuna kuziba pale, hakuna kukata na kuunga. Akaambiwa aimbe upya, na koo limeshachoka.

Jibu nimelipata mwenyewe usiku wa manane, kwa programu ya bure iitwayo LatencyMon. Nikaiacha iendelee dakika kumi huku nacheza mradi. Ikanionyesha draiva ya Wi-Fi: kila baada ya muda inaing'ang'ania prosesa, na bafa inakauka kabla haijajazwa tena. Nikazima Wi-Fi. Nikatoa mpangilio wa umeme kwenye kubana matumizi nikauweka kwenye utendaji wa juu, kwa sababu prosesa nayo ilikuwa inasinzia na kuamka. Kimya! Bafa 128, traki zaidi ya 20, safi kabisa. Kazi ya dakika mbili, na mimi nimeambiwa ninunue hiki, niongeze kile, miezi minne mizima.

Na ninyi mnaowaambia wanaoanza warekodi kwa kHz 192, yaani sampuli 192,000 kila sekunde, acheni. Sikio la binadamu linaishia karibu kHz 20. Mnawaongezea faili na mzigo wa prosesa mara nne ya kHz 48, bure.

Ninachodai ni hiki. Ukiiita mashine "ya studio", iwashe mbele ya mteja, chomeka intafesi, weka bafa 128, acha Wi-Fi ikiwaka, rekodi dakika kumi, halafu tuketi wote tusikilize. Huwezi? Iandike ya magemu, mteja ajue anachonunua.

Mimi bado sijamaliza. Feni za kadi ile zinavuma hadi ndani ya vokali, kila mwimbaji akinyamaza zinasikika. Sasa hivi kompyuta iko nje ya mlango, waya nimezipitisha chini. Aliyewahi kuzinyamazisha bila mashine kuchemka aniambie alifanyaje.