Naomba ushauri: kifaa cha kunishtua umeme ukikatika

Wakuu, nina mafriza mawili ya sangara hapa Igombe, Mwanza, ila nalala mtaa mwingine, Buzuruga. Juzi upepo wa ziwani uliangusha mti kwenye nyaya usiku. Asubuhi nakuta maji mekundu yanachuruzika hadi mlangoni. Jirani yuko fezi nyingine (waya mwingine wa umeme toka nguzoni), kwake taa zinawaka, nani angeshtuka?

Natafuta sensa ya volti yenye laini ya simu na betri yake (ya waifai itazimika pamoja na ruta), initumie meseji umeme ukikatika na ukirudi. Huo wa kurudi ndio naogopa: ukija juu sana ya volti 230, kompresa (mota ya friza) kwaheri.

Mita siigusi. Fundi aifunge kwenye soketi ya friza, au baada tu ya swichi kuu? Mimi naona soketi, hata breka ikijizima nitajua. Aliyewahi kutumia, meseji zinawahi kweli?